Kisa cha dampo la Tabata: jiji lililohamisha jalala bila kufungua kiroba

Mwaka 1991 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilirudi Mahakama Kuu na ombi lililokuwa limeshaanza kuzoeleka: iongezewe muda wa kumwaga taka Tabata. Mahakama ilikuwa imeshaiamuru iache, katika kesi namba 299 ya mwaka 1988 iliyofunguliwa na wakazi wa Tabata waliochoshwa na harufu, nzi na moshi. Muda ukaongezwa, ukaisha, ukaombwa mwingine. Safari hii Jaji Lugakingira akagoma. Aliandika kwa Kiingereza, lakini kwa lugha yetu alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, ikienda mahakamani kwa kujiamini kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu, wawe wengi au wachache. Maajabu ya namna hiyo, akaongeza, yanaelekea kuwa ya Tanzania peke yake.

Aliegemea Ibara ya 14 ya Katiba: kila mtu anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria. Wakati kesi inafunguliwa, ibara hiyo ilikuwa bado na joto la tanuri. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mahakama ziliruhusiwa kuanza kuzitumia Machi 1988. Kwa hiyo moja ya kesi za mwanzo kabisa ambamo Mtanzania alidai haki yake ya kuishi ilihusu maganda ya ndizi. Nalitaja ganda la ndizi makusudi, nitalirudia.

Wanasheria wanaipenda kesi hii na wanafunzi wa sheria ya mazingira huisoma mpaka leo. Mimi si mwanasheria. Nikiisoma najikuta nikiuliza swali ambalo si kazi ya jaji kuliuliza: ndani ya lile lundo kulikuwa na nini? Harufu haitoki kwenye chupa. Nzi hazaliani kwenye kopo la rangi. Kilichowafikisha watu wa Tabata mahakamani kilikuwa kitu mahususi, kinachojulikana kwa jina, na kilitoka jikoni.

Lori lile lile, anwani mpya

Baada ya Tabata jiji halikukaa kutafakari. Malori yalielekezwa Kunduchi Mtongani. Mwaka huohuo wa 1991 mkazi mmoja wa huko na wenzake 794 wakafungua shauri namba 90. Malalamiko yao ungeweza kuyanakili kutoka jalada la Tabata: harufu, nzi, moshi. Eneo lenyewe lilikuwa limetengwa kwa makazi. Mtongani nao wakashinda.

Likafuata dampo la Vingunguti, pembeni ya Mto Msimbazi. Baadaye Mtoni, kando ya Mto Kizinga, upande wa Temeke. Kisha Pugu Kinyamwezi, ambako malori yanakwenda hadi leo. Ukiziunganisha sehemu hizo kwa mstari kwenye ramani unaona kitu kimoja tu kikibadilika, nacho ni mahali. Kila palipofungwa palitafutwa pengine, mahali penye watu wachache au penye watu ambao hawajaungana bado, hadi kufika Pugu, mbali kuliko kote.

Wakati huo jiji lilikuwa linavimba. Sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 1.36 Dar es Salaam. Ya 2012 ikapata milioni 4.36. Ya 2022, milioni 5.38. Karibu mara nne ya jiji lililoshtakiwa na watu wa Tabata. Utawala nao ulibadilishwa mara kwa mara: Halmashauri ya Jiji ilivunjwa 1996 ikawekwa Tume, mwaka 2000 zikaja manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, baadaye Ubungo na Kigamboni zikaongezwa, na 2021 halmashauri ya jiji ikavunjwa tena, Ilala ikapewa hadhi ya kuwa jiji. Wazoa taka walibadilika pia. Kuanzia 1994 uzoaji ulianza kukabidhiwa wakandarasi binafsi, na baadaye vikundi vya mitaa vikaingia na mikokoteni yao.

Yote hayo yalihusu nani azoe na wapi apeleke. Kiroba chenyewe kilibaki kimefungwa.

Kukifungua kiroba

Wataalamu wanapotamka "taka ngumu za manispaa" wanamaanisha mchanganyiko wa vitu kutoka majumbani, sokoni, madukani, maofisini, shuleni, migahawani, pamoja na kinachofagiliwa barabarani na kinachofyekwa bustanini. Taka za viwanda, za hospitali na za vyoo huhesabiwa mbali, angalau kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu pampasi ya mtoto inaingia kiroba kilekile, na wembe na sindano ya mgonjwa wa kisukari navyo vinaingia humohumo.

Sasa chukua nyumba ya kupanga ya kawaida, Manzese au Tandika, vyumba sita na uwanja mmoja. Asubuhi zinaingia ndooni majani ya chai na maganda ya mihogo au viazi. Mchana vinafuata vijiti vya matembele, mizizi ya mchicha, machicha ya nazi, magamba na matumbo ya samaki, nyanya iliyooza upande mmoja. Jioni ni maganda ya ndizi, ukoko uliokataa kulika, mifupa. Msimu wa embe ukifika, kati ya Novemba na Januari, kokwa peke yake zinatosha kujaza ndoo. Hilo ndilo fungu la kwanza, nalo ni kubwa kuliko mengine yote.

Fungu la pili watu hulisahau kwa sababu hawalioni kama taka: mchanga. Mtu anayefagia uwanja kwa chelewa anakusudia majani ya mwembe, lakini kinachozolewa kwa sehemu kubwa ni udongo. Ongeza majivu na chenga za mkaa. Mchanga hauozi, hauungui, haununuliwi, na ni mzito. Mtu anayesukuma mkokoteni anaujua kwa kiuno chake.

Baada ya hayo ndipo vinakuja vitu ambavyo macho huvikimbilia: mifuko na vifungashio vya plastiki, chupa za maji, karatasi na maboksi, nguo zilizochakaa, kandambili iliyokatika ukanda, chupa, makopo, taulo za kike, betri za redio, balbu. Kwa wingi wa macho vinatawala lundo. Kwa uzito ni sehemu ndogo.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018 kuhusu taka za dunia nzima, iliweka takwimu zinazosaidia hapa. Katika nchi za kipato cha chini, vyakula na majani ni kiasi cha asilimia 56 ya taka. Katika nchi za kipato cha juu ni 32, na zaidi ya nusu ya taka zao ni vitu vikavu vinavyoweza kurejelezwa: karatasi, maboksi, plastiki, chuma, kioo. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, fungu la vyakula na majani ni kama asilimia 43. Ukiliona hilo unaweza kudhani tumeanza kufanana na Ulaya. La hasha. Tazama fungu linaloitwa "nyinginezo": ni kiasi cha asilimia 30, wakati plastiki haifiki hata 10. Mimi nikisoma hizo nyinginezo naona ufagio wa chelewa.

Kwa hiyo mkazi wa Hamburg na mkazi wa Mbagala wakisema neno "taka" hawazungumzii kitu kimoja. Wa kwanza ana boksi tupu, jepesi, kavu. Wa pili ana mchuzi, udongo na kifungashio kimoja juu yake.

Taka zinazopimwa njiani

Kuna jambo huwachanganya wanaotafuta takwimu za taka za Dar es Salaam au mji wowote wa kwetu. Taka hazina muundo mmoja. Muundo unategemea umesimama wapi na mizani yako.

Ukipima mlangoni, ndani ya kiroba kuna vyote. Lakini hata kabla ya mlango kuna vilivyokwisha kuondoka: chupa ya soda imerudi dukani kwenye kreti, maganda yamechukuliwa na jirani mwenye mbuzi, sufuria iliyotoboka inamsubiri mnunuzi wa chuma chakavu anayepita na mizani ya kuning'iniza. Ukipima kwenye ghuba, pale mkokoteni unapomwaga, waokota makopo wameshapita. Chupa za maji zimeondoka, maboksi yameondoka, waya umevuliwa shaba. Ukipima dampo, kikundi kingine kimepekua tena. Kinachofika chini ya buldoza ni kile ambacho watu watatu kwa zamu wamekiangalia wakaona hakina bei.

Ndiyo maana napata taabu kidogo na watu wanaosema Waswahili hatutenganishi taka. Tunatenganisha sana, ila tunatenganisha kwa bei. Chenye bei hupata mwenyewe kabla jua halijazama. Kisicho na bei, yaani maganda na mchanga, kinapewa lori la gharama kubwa na safari ndefu kuliko yote. Hicho ndicho kilichomwagwa Tabata.

Na Tabata ya 1988 ilikuwa na maganda kwa kiwango kikubwa kuliko ya leo. Plastiki za kutupa zilikuwa hazijafurika. Nyama ilifungwa kwenye gazeti, mafuta ya taa yalipimwa kwenye chupa uliyokwenda nayo mwenyewe, sokoni mtu alikwenda na kikapu cha ukili. Maboksi yalikuwa mali. Wanaodhani tatizo la madampo ya Dar es Salaam lililetwa na mfuko wa rambo wanasahau kwamba jiji lilishtakiwa, likashindwa kesi mbili, kabla mfuko huo haujatapakaa mitaani.

Harufu, nzi, moshi: kila lalamiko na chanzo chake

Turudi kwenye malalamiko matatu ya watu wa Tabata tuyafuate moja moja hadi kwenye kiroba.

Harufu kwanza. Ganda la ndizi mbichi ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Ukiliacha juani peke yake linakauka, linakuwa jeusi, halinuki. Ukilifunga kwenye mfuko pamoja na matumbo ya samaki, ukarundika juu yake tani kadhaa nyingine, hewa haipiti tena. Vijidudu vinavyoozesha bila hewa vinashika kazi, na kazi yao ndiyo inayotoa ule uvundo wa mayai viza. Pamoja nao inatoka gesi isiyonusika, methani, ambayo ni kama nusu ya gesi yote inayozalishwa ndani ya lundo la namna hiyo. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani hulipasha joto anga kiasi cha mara 28 kuliko tani ya kaboni dayoksaidi.

Nzi wa pili. Kwenye joto la pwani, yai la nzi wa nyumbani linaweza kufikia nzi kamili kwa siku saba hadi kumi. Funza wanapomaliza kula, katika siku ya nne au ya tano, huondoka kwenye uchafu wenye unyevu na kwenda kujificha kwenye udongo mkavu ili wageuke. Ndiyo sababu ya kanuni ya zamani ya maafisa afya kwamba katika nchi za joto taka za jikoni zizolewe walau mara mbili kwa wiki: unamwahi funza akiwa bado ndani ya ndoo. Mtaa ambao lori hupita mara moja kwa wiki, au mara moja kwa wiki mbili kwa sababu ya kuharibika, unakuwa shamba la nzi lenye ratiba. Lundo la wazi kama la Tabata ni hivyo hivyo kila siku, kwa sababu chakula kipya kinaletwa kila asubuhi.

Moshi wa tatu, na huu ndio una fumbo. Mtu anaweza kuuliza, kama taka ni maji matupu, moto unatoka wapi? Jibu liko palepale. Juu ya lundo kuna vikavu vinavyowaka: karatasi, matambara, plastiki. Anayetafuta chuma huwasha ili achambue kirahisi, na methani inayopenya kutoka chini huusaidia moto kuendelea. Chini kumelowa. Matokeo yake ni moto usiokolea, unaofukuta usiku kucha, na moto wa kufukuta ndio wenye moshi mbaya kuliko wowote. Moshi wa Tabata ulikuwa ni taka zikishindwa kuwaka.

Kuna la nne ambalo halikupewa uzito kama hayo matatu, labda kwa sababu halifiki puani: maji meusi yanayovuja chini ya lundo. Maji ya maganda yenyewe yakichanganyika na ya mvua yanapita kwenye betri, dawa zilizokwisha muda na kila kilichomo, yanatafuta bonde. Vingunguti bonde lilikuwa la Msimbazi. Mtoni lilikuwa la Kizinga. Mtu aliyechagua maeneo hayo alikuwa anatafuta makorongo ya kujaza. Akapata mifereji ya kusambazia.

Uzito na fedha

Taka zenye maji zina tabia nyingine inayoumiza halmashauri mfukoni. Taka za miji tajiri, zikiwa hazijashindiliwa, huwa na kilo 100 hadi 170 kwa mita moja ya ujazo. Za kwetu ni kati ya 250 na 500. Yale malori ya kushindilia, yanayong'aa siku ya uzinduzi kiongozi akikata utepe, yalibuniwa kwa ajili ya maboksi na makopo matupu. Kazi yake ni kutoa hewa. Ukiyapa taka za Buguruni, hewa ya kutoa haipo. Yanakamua maji, na maji yanamwagika barabarani.

Fanya hesabu ya kijuujuu. Ripoti ileile ya Benki ya Dunia inatoa wastani wa kilo 0.46 kwa mtu kwa siku Afrika kusini mwa Sahara. Zidisha kwa watu milioni 5.38. Unapata karibu tani 2,500 kwa siku, na mtu wa jijini kwa kawaida hutupa kuliko wastani huo. Chukua tu asilimia 43 iwe vyakula na majani: ni zaidi ya tani 1,000. Kama sehemu hiyo ni maji kwa robo tatu, basi kila siku kuna zaidi ya tani 750 za maji zinazopaswa kupakiwa kwa koleo, kuchomewa dizeli na kupelekwa Pugu. Jiji lenye mitaa inayonunua maji kwa madumu linasafirisha maji kwa malori kwenda kuyamwaga.

Dampo liliposogezwa mbali hadi Pugu, gharama ya kubeba maji hayo iliongezeka. Gharama ikipanda, safari zinapungua. Safari zikipungua, ghuba linafurika, na mtaa unakuwa Tabata ndogo. Mwenye nyumba analipa ada ya taka, haoni lori, anaacha kulipa. Mwenye lori halipwi, haji. Kwenye vikao vya mitaa ugomvi huu huishia kwenye kutafuta nani mvivu au nani kala pesa, na pengine wamo wote wawili, lakini hata malaika wakipewa zabuni hiyo watabeba mchanga na maji uleule.

Yaliyojaribiwa

Juni 1, 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kama Kenya ilivyofanya Agosti 2017 na Rwanda muongo mzima kabla. Naunga mkono. Mitaro iliyokuwa inaziba ilipata nafuu, na ng'ombe wakapungua kula nailoni. Lakini kama tiba ya dampo, marufuku iligusa fungu ambalo kwa uzito lilikuwa dogo tangu mwanzo. Ilisafisha kile kinachoonekana. Kile kinachonuka hakikuguswa.

Kila baada ya miaka michache pia huja mwekezaji na michoro ya mtambo wa kuchoma taka uzalishe umeme. Swali la kumuuliza liko kwenye mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1999 kuhusu mitambo hiyo: taka zifike wastani wa megajuli 7 kwa kilo kwa mwaka, na zisishuke chini ya 6 msimu wowote. Chini ya hapo moto haujitegemei, unahitaji kuongezewa mafuta. Sasa mpelekee taka za Aprili, masika yamepamba moto, nusu maganda, theluthi mchanga uliolowa, plastiki na maboksi yameshaokotwa. Watu wa Tabata walikwishaona zinavyowaka.

Jaribio ninaloliona limekwenda karibu zaidi na kiini ni la Mabwepande, Kinondoni, ambako kumejengwa kituo cha kugeuza taka kuwa mboji kwa ushirikiano na Hamburg, mji uliofunga undugu na Dar es Salaam tangu 2010. Busara yake iko kwenye chaguo la malighafi: taka za masokoni. Soko la mboga halihitaji kampeni ya kutenganisha, biashara yenyewe imeshatenganisha. Mabibo, inapouzwa ndizi kwa mikungu, hutoa migomba na maganda. Kariakoo upande wa mboga hutoa majani ya kabichi. Hakuna pampasi, hakuna betri, mchanga ni kidogo. Vitu hivyo vikirundikwa vikapewa hewa, vikageuzwa, hupanda joto hadi nyuzi 55 na zaidi, joto linaloua mayai ya nzi na mbegu za magugu, na havitoi ule uvundo kwa sababu hewa ipo. Ni ganda lilelile la Tabata, tofauti ni hewa tu.

Mboji ina shida zake. Mkulima anayeihitaji yuko mbali, nayo ni nzito na bei yake haibebi nauli ndefu. Ikitengenezwa kwa taka za majumbani zilizochanganywa inakuwa na vigae na vipande vya plastiki, na mkulima aliyejikata mkono mara moja harudi. Kwa hiyo masoko ni mwanzo mzuri, majumbani ni pagumu. Wapo pia vijana wanaofuga funza wa nzi mweusi (black soldier fly) kwa taka za jikoni na kuwauza kama chakula cha kuku na samaki. Nimevutiwa nao zaidi ya nilivyotarajia, kwa sababu rahisi: wamelipa ganda bei, na tumeona hapo juu kwamba chenye bei hakifiki dampo.

Kampala, na deni lililobaki

Kuna wasomaji watakaosema Pugu ni mbali, harufu haimfikii mtu, tuache. Agosti 10, 2024 dampo la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa likitumika tangu 1996. Watu zaidi ya 30 walikufa, na nyumba na mifugo vikafukiwa. Machi 2017 lundo la Koshe, Addis Ababa, lilikuwa limeua watu zaidi ya 110. Lundo la maboksi makavu haliporomoki hivyo kirahisi. Lundo la vitu vinavyooza, lililojaa maji, lenye gesi inayosukuma kutoka ndani, lina tabia ya uji mzito: linasimama mpaka siku litakapoacha kusimama. Na watu huwa wamelisogelea, kwa kuwa kiwanja karibu na dampo ni cha bei nafuu na kazi ya kuokota iko mlangoni.

Hukumu za Tabata na Mtongani zilikuwa sahihi. Mahakama iliulizwa kama ni halali kuwafukiza watu hawa, mahali hapa, ikajibu hapana mara mbili bila kumung'unya. Jiji ndilo lililotafsiri jibu vibaya. Liliisikia "hapana" ya mahakama kama "si hapa", likatafuta kwingine, wakati ile "hapana" ilikuwa inahusu namna ya kuishi na taka za jikoni. Kwa mtazamo wangu ramani ingekunjwa mwaka ule, wachukuliwe watu wanne na mizani, wapewe viroba mia kutoka mitaa kumi, wavimwage kwenye turubai na kupima fungu kwa fungu. Kazi ya wiki moja. Wangegundua kwamba Oysterbay, yenye majani ya bustani, haihitaji lori lile lile na Manzese yenye mchanga. Kwamba masoko peke yake yangeweza kutolewa kwenye mkondo wa dampo. Kwamba mchanga wa uwanjani ungeweza kubaki uwanjani, kwa kuchekecha tu kabla ya kuzoa.

Hilo la mchanga ndilo jepesi kuliko yote na sijaona halmashauri ikilisema kwenye tangazo lolote la usafi. Tunaambiwa tutenganishe plastiki, ambayo mwokota makopo alishaitenganisha zamani.

Asubuhi, ukiwa kwenye daladala ya kwenda Gongo la Mboto, utajua lori la taka liko mbele hata kabla hujaliona. Michirizi myeusi inaanza kwenye taa za barabarani, pale liliposimama, halafu inanyooka katikati ya njia kuelekea Pugu. Bodaboda wanaikwepa kwa mazoea. Konda anafunga dirisha. Lori likifika mwisho wa safari litakuwa jepesi kidogo kuliko lilivyotoka, na kilichopungua ni maji ya maganda yaliyobaki barabarani.